Kulala bure kwenye misitu ya taifa milimani Colorado: njooni niwaeleze nilivyokosea ili msikosee

NusuMaili (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa kodi za nyumba niligusia kwamba familia yangu kiangazi chote inalala milimani bila kulipa hata senti, PM yangu ikajaa. Wengine mkasema chai. Leo nipo off, nimechemsha chai ya kweli, naandika yote hapa mara moja ili nisirudie rudie.

Tuanze na majina, maana wengi wanapotelea hapo. Huku kuna hifadhi ya taifa na kuna msitu wa taifa, na havihusiani. Hifadhi, kama hii ya Rocky Mountain jirani yetu, ina geti na kiingilio, na pa kulala unapawekea nafasi mapema, ukichelewa unageuza gari. Msitu wa taifa uko chini ya Idara ya Misitu, nayo iko Wizara ya Kilimo tangu 1905. Ndiyo, kilimo. Mti walishauhesabu kuwa zao. Kwa hiyo humo ndani kuna watu wanavuna mbao kwa kibali, wanachunga kwa kibali, wanawinda kwa leseni, na wewe na familia yako mnaruhusiwa kuingia na gari, kuchagua mahali, kusimamisha hema na kulala. Wao wanaita "dispersed camping". Mimi naita kambi huria. Hakuna geti wala risiti. Pia hakuna choo, hakuna bomba, hakuna pipa la taka, na hakuna mtu wa kumlalamikia. Colorado misitu hiyo iko mingi: Pike, San Isabel, Arapaho, Roosevelt, White River, Gunnison, na bado sijamaliza.

Mara ya kwanza ilikuwa Agosti, miaka sita iliyopita. Mimi mbeba maboksi halisi, ghala, zamu ya usiku, Aurora, jirani na Denver. Mke, mtoto wa miaka tisa na mdogo wa mitano. Hema nimenunua kwa mtu anayehama, mifuko ya kulalia nimeazima kanisani. Tukapakia gunia la mkaa, jiko la mkaa, maharage mabichi kilo mbili, nyama ya mishkaki, na ndoo ya maji ya lita ishirini. Msicheke. Tukaenda bonde la Halfmoon, juu ya Leadville, chini kabisa ya Mlima Elbert ambao una mita 4,401 na ndio mrefu kuliko yote kwenye safu ya milima ya Rocky. Mimi Mchagga wa Kibosho. Nimeamka nikiutazama mlima kila asubuhi mpaka nikawa mtu mzima na sijawahi kuupanda, kwa hiyo nilijiona mwenyeji wa milima.

Saa tisa alasiri mke akabandika maharage. Saa kumi na mbili jioni bado yanagonga kama kokoto. Baadaye ndipo nikaelewa: Leadville iko juu ya mita 3,000, na kule maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Unaona povu, unaona mvuke, unadhani mambo yanaiva, kumbe sufuria haijafika moto unaoujua. Wali nao ulitoka na kiini. Ugali peke yake ndio ulikubali.

Basi nikasema mishkaki itatuokoa. Mkaa umeshika vizuri, mafuta yameanza kulia kwenye moto, mara likaja gari lenye nembo ya ngao mlangoni. Akashuka bwana misitu, ila huyu bwana misitu alikuwa binti, kama miaka ishirini na tano, koleo mkononi. Akatusalimia. Akasema harufu nzuri sana. Kisha akasema: zima.

Kumbe kulikuwa na katazo la moto, daraja la kwanza. Katika daraja hilo moto wa kuni au mkaa unaruhusiwa tu kwenye kambi za kulipia zilizojengwa, ndani ya majiko yao ya chuma. Kambi huria hapana, hata kama jiko lako umelileta kutoka Arusha. Gesi yenye kitasa cha kufunga inaruhusiwa. Nilikuwa nimepita kibao cha katazo pale njiani nikiwa nabishana na mke kuhusu maharage. Faini ya mambo haya inaweza kufika dola 5,000 na jela miezi sita, yeye akanipa onyo tu. Halafu akasimama pale mpaka nilipozima, na akanifundisha kuzima, maana nilikuwa najiandaa kufukia na mchanga. Alinikataza: mchanga unaficha moto, hauzimi. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, koroga, mwishowe weka kiganja chako juu ya majivu. Kama huwezi kukiacha pale, bado. Ndoo yangu ya maji ya kunywa iliishia kwenye lile jiko karibu yote.

Mzee mmoja aliyekuwa na kambi mita mia hivi kutoka kwetu aliona yote. Akaja na jiko la gesi la kuazima, hakusema neno, akaliweka juu ya jiwe. Mishkaki ikamalizikia kwenye kikaango, tukala naye.

Saa saba usiku mdogo akaanza kutapika. Kichwa kinamuuma, analia. Denver ni mita 1,600, mimi nimempandisha mtoto zaidi ya mita 1,400 kwa siku moja na kumlaza huko huko. Dawa yake ni kushuka, haina mjadala. Tukaacha hema limesimama, tukashuka hadi Buena Vista, tukalala kwenye gari pembeni ya kituo cha mafuta. Alfajiri mtoto anauliza chapati ziko wapi. Tangu hapo, usiku wa kwanza nalala chini ya mita 2,600, wa pili ndio napandisha.

Asubuhi tuliporudi, umande ulikuwa umeganda juu ya hema, Agosti hiyo. Na lile hema lilikuwepo vilevile, jiko la mzee liko juu ya jiwe, yeye kaondoka. Ninalo mpaka leo.

Ulizeni. Yale ya ramani na choo nitayaandika chini, mikono imechoka.

---

Bosi_wa_Mkaa

Yaani nimetoka Sumbawanga nikiwa nalala chini, nimepigania viza miaka minne, leo nilale chini tena kwa hiari yangu? Na dubu juu? Mkuu hongera, ila mimi nitakusoma nikiwa kwenye godoro.

---

Kinyozi_Aurora

Naweka kambi hapa (kwenye uzi, siyo msituni).

Swali: dubu vipi? Na ile ramani unapataje? Mimi nikifungua ramani ya simu naona kijani tu.

---

NusuMaili

@Bosi_wa_Mkaa godoro la upepo dola 30, usitishe watu.

@Kinyozi_Aurora kijani cha kwenye simu usikiamini, ndani ya kijani hicho kuna mashamba ya watu binafsi yamechanganyika, na mwenye shamba huku akiweka kibao cha usiingie anamaanisha. Idara ya Misitu inatoa ramani ya barabara za magari, inaitwa MVUM, bure, kila wilaya ya msitu na yake. Ni ramani mbaya kwa sura, nyeusi na nyeupe, haina milima wala rangi. Lakini ndiyo yenye sheria. Barabara isiyoonekana humo haipo, hata kama macho yako yanaiona. Pembeni ya baadhi ya barabara utaona vidoti vimepangwa: hapo ndipo unaruhusiwa kutoa gari barabarani kwenda kupiga kambi, mara nyingi hadi mita 90 hivi, ila soma maelezo ya msitu husika maana yanatofautiana. Unaipakua kwenye Avenza, app ya ramani ya simu, ukiwa bado na mtandao. Ukishaacha lami simu yako inabaki kuwa tochi.

Halafu piga simu ofisi ya wilaya ya msitu kabla hujatoka. Unauliza mambo mawili: moto unaruhusiwa? Barabara namba fulani iko wazi? Wanajibu vizuri. Sehemu nyingi zilizokuwa huria sasa zimewekewa vigingi vyenye namba, unalala penye kigingi tu, kwa sababu watu walizichakaza. Kwa hiyo alichokwambia rafiki yako wa mwaka juzi kinaweza kuwa kimeshapitwa.

Dubu: Colorado ni dubu weusi, wale wakubwa wa kahawia wa kwenye filamu wa mwisho kujulikana aliuawa 1979. Dubu mweusi hakutaki wewe, anataka kilicho kwenye boksi lako. Chakula chote, taka, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, vyote ndani ya gari, milango imefungwa kwa funguo, vioo juu. Kwa funguo, wakuu. Dubu anajua kufungua mlango wa gari. Na dagaa msiende nao. Nasema hivyo kwa upendo.

---

Mlalo_Juu

Mleta uzi, niko Lushoto hapa, nasoma na koti. Hivi sisi tunashindwa nini? Magamba iko hapa juu ya mji, msitu mzuri, baridi safi, nikitaka kulala nalipa kiingilio, nalipa kambi. Kilimanjaro ndiyo usiseme, huwezi hata kupanda bila mwongozaji. Halafu mnasema Marekani ndio mabepari.

---

NusuMaili

@Mlalo_Juu shikamoo kama unastahili. Umegusa jina langu.

Nusu maili ni ule ukanda wa msitu juu ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, kati ya mashamba na msitu wa serikali. Uliwekwa 1941 ili wenyeji wapate kuni na majani bila kuingia msitu mkubwa. Bibi yangu alikwenda nusu maili kama wewe unavyokwenda dukani. Anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, huoni uso, unaona miguu miwili inatembea chini ya kichaka. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro ikapanuliwa ikameza msitu wa juu, na tangu hapo wazee wa kwetu wana malalamiko yao ambayo ni uzi mwingine.

Ninachotaka kusema ni kwamba msitu wa kwetu ulikuwa na watu wengi sana wanaoutegemea kwa moto wa kila siku. Hawa wanakuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Idara yao ina misitu ya taifa 154. Unaweza kuwa mkarimu ukiwa na stoo hiyo. Ila hata hapa ukarimu una mwisho: siku 14, misitu mingi ndivyo ilivyo, kisha unatakiwa uhame.

---

DerevaWaUsiku

Siku 14 sehemu moja halafu unahama. Je, nikihama kila baada ya siku 14, naweza kuishi hivyo? Naendesha abiria Colorado Springs, kodi imenishinda tangu Machi. Nimeshalala Pike wiki mbili sasa hivi, nashuka mjini asubuhi, naoga gym. Sioni tatizo lolote.

---

Bosi_wa_Mkaa

@DerevaWaUsiku we ndo umeishi uzi wenyewe.

---

NusuMaili

@DerevaWaUsiku nikujibu bila kukupaka mafuta. Kanuni za msitu zinakataza kuufanya makazi. Siku 14 ni za mapumziko, na mabwana misitu wanalijua gari linaloonekana kila mahali. Wapo watu wengi wanafanya hivyo, utawaona, wengine wana watoto wa shule. Wengi wanaondolewa tu, wengine wanaandikiwa faini. Na Oktoba theluji inaziba zile barabara, ukiwa ndani umo ndani.

---

Mama_Zamu

@DerevaWaUsiku kaka, njoo PM. Sikuulizi maswali. Usifike Novemba kwenye gari.

---

Mtoto_wa_Nyarugusu

Nimesoma uzi wote nikiwa kazini, nikaenda kumsomea mama.

Sisi ni wa Fizi, Kongo. Nimezaliwa safarini, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mpaka nikiwa na miaka kumi na saba. Sasa tuko Denver. Kwetu neno kambi ni moja tu. Nilipomwambia mama kuna watu wanakwenda kambi kwa kupenda, akauliza: kambi gani tena, wametufukuza? Nikamweleza ni hema, ni msituni, ni kupumzika. Akanyamaza. Halafu akasema, sisi tumelala msituni siku nyingi, na hatukuwa tumepumzika.

Mimi natamani kwenda. Wenzangu kazini wanakwenda kila wiki, wananialika. Ila mama hataki hata kuona picha ya hema. Sijui kama nimuache au niende naye. Wakubwa mnisaidie.

---

Bosi_wa_Mkaa

Dah. Pole ndugu yangu. Mimi nafuta utani wangu wa juu.

---

Mama_Zamu

@Mtoto_wa_Nyarugusu mwanangu, mama asilazimishwe. Anza na mchana. Mpeleke Jumamosi asubuhi, mpike, mle, mrudi kabla ya jua kuzama. Usibebe hema kabisa. Akitaka kurudi mara ya pili atasema mwenyewe.

Na mimi niseme langu, maana nimesubiri mtu alitaje na hakuna aliyelitaja. Mimi ni nesi, mwanamke, mweusi, na nakwenda peke yangu. Miaka miwili ya kwanza sikuthubutu. Siyo dubu. Nilikuwa naogopa lori lenye bendera kubwa likisimama nyuma ya gari langu mahali ambapo hakuna mtandao.

Nilivyofanya: mwaka wa kwanza nililala kambi za kulipia tu, dola ishirini na kitu, pana choo, pana mlinzi wa kambi, pana familia zenye watoto. Nikazoea giza na sauti za usiku. Mwaka wa pili nikaanza huria, lakini nafika saa tisa alasiri, siyo usiku. Napita kwanza naangalia majirani ni akina nani. Gari nalielekeza njia ya kutokea, funguo natundika mahali pamoja kila siku. Nalala ndani ya gari, hema nalisimamisha pembeni lionekane lina watu. Dada yangu anajua namba ya barabara na saa nitakayotoka. Kama roho haitulii, naondoka. Sitoi maelezo kwa mtu, sijioni mjinga. Nimeondoka hivyo mara tatu, na huenda zote hakukuwa na kitu.

Milio ya bunduki mtaisikia, tujulishane mapema. Kulenga shabaha msituni kunaruhusiwa kwa masharti ya umbali. Mara ya kwanza nililala chini ya kiti cha gari, kumbe ni baba na mwanawe wanapiga makopo. Na kuanzia Oktoba ni msimu wa bunduki wa wawindaji, vaeni rangi ya chungwa ile kali, na watoto pia.

---

MtuWaTacoma

Niaje wakuu. Mkenya hapa, msinifukuze.

Mleta uzi ameandika vizuri lakini hapo kwa "bure" niongeze kitu. Huku jimbo la Washington, msitu wa Mount Baker-Snoqualmie, kulala ni bure lakini ukiegesha gari kwa vituo vingi vya kuanzia njia za miguu lazima uwe na pasi, dola 5 kwa siku ama 30 kwa mwaka. Mimi nilipata karatasi kwa kioo siku ya kwanza, nikadhani ni tangazo la kanisa.

Halafu huku shida si moto pekee, ni maji. Mvua hubomoa barabara. Ramani inasema kuna daraja, ukifika unapata mto. Na kila kitu ni kibichi, hema ikikaa siku mbili inanuka kama soksi. Leteni turubai kubwa ya kufunga juu ya hema. Nyinyi wa Colorado mnalala jangwani mnasema mko msituni.

---

NusuMaili

@MtuWaTacoma karibu sana, na asante kwa pasi, hilo nilikosea kulifanya la jumla. Hata huku vituo vichache vinatoza maegesho. Jangwa umeonea, lakini ni kweli Agosti majani yanavunjika kama mkate mkavu. Ndiyo maana moto nauongelea hivi. Mwaka 2016, karibu na mji wa Nederland hapa juu ya Boulder, moto wa kambi ambao haukuzimwa vizuri uliteketeza nyumba nane na ekari zaidi ya 500. Walioacha ule moto walidhani wameuzima. Kama mimi na mchanga wangu.

@Mama_Zamu dada, hiyo post yako ingetakiwa iwe ya kwanza.

Sasa choo, niliahidi. Unabeba jembe dogo la mkono. Mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi, ni kama hatua 80 za mtu mzima. Shimo sentimita 15 hadi 20. Chini zaidi ya hapo udongo hauna uhai wa kutosha kuozesha. Unafukia, unaweka gogo juu. Karatasi za chooni hazifukiwi, unarudi nazo kwenye mfuko, na hapa ndipo Wamarekani wanapopata tabu, nyuma ya kila mti mzuri utakuta bendera nyeupe. Sisi wa kopo tuna faida: kopo lako, maji yako, unamaliza, hujaacha kitu na hujabeba kitu. Mzungu mmoja aliniona natoka na kopo akauliza, nikamweleza, akashika kichwa. Nadhani alikuwa anafikiria miaka yote ile.

Maji ya mto msinywe hivi hivi hata yawe meupe kiasi gani, kuna vijidudu vya giardia, tumbo linaweza kukuendesha wiki mbili. Chuja au chemsha.

Na kabla hujasimamisha hema, tazama juu. Wadudu wa magome wameua misonobari mingi sana Colorado tangu miaka ya 1990, miti imesimama imekufa, inasubiri upepo. Mtu anatafuta ardhi iliyonyooka tu, hatazami kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtoto. Julai na Agosti radi zinapiga karibu kila alasiri, kwa hiyo kileleni na uwanda wazi mchana hapana.

---

Kinyozi_Aurora

Na ng'ombe? Kuna jamaa kaniambia kaamshwa na ng'ombe, nikaona anatunga.

---

NusuMaili

Hajatunga. Gunnison, mwaka juzi. Saa kumi na moja alfajiri nasikia mtu anahema nje ya hema, anahema taratibu, kisha hema likavutwa. Mke kanishika mkono mpaka kucha zimeingia. Nikawasha tochi, nikafungua zipu kidogo: pua, nyeusi, imelowa, imetoa ulimi, inalamba chumvi ya jasho kwenye kamba ya hema. Nyuma yake wapo kama thelathini, wana hereni za njano masikioni. Ni wa mfugaji mwenye kibali. Mdogo akatoka na pajama akaanza kuwafukuza kwa Kichaga alichojifunza kwa bibi kwenye simu, na wakaondoka. Sikujua kama ng'ombe wa huku wanakielewa.

---

Bosi_wa_Mkaa

Haya nimeuliza bei ya lile godoro.

---

Mtoto_wa_Nyarugusu

Wakubwa, narudi na ripoti. Nilifuata ushauri wa @Mama_Zamu. Wiki ya kwanza mchana tu, Pike, tukapika sombe na ugali, tukarudi saa kumi. Mama hakusema kitu. Wiki ya pili akauliza kama tunakwenda tena. Wiki iliyopita akasema tubaki, ila yeye hema haingii, atalala ndani ya gari na taa ya ndani iwake. Nikaiacha iwake. Betri ikafa, tumesaidiwa na jirani asubuhi.

Ila sikuwa naandika kuhusu betri. Nimeamka, gari tupu, moyo ukaruka. Nimezunguka nyuma nikamkuta ameokota tawi kavu, amejifunga kanga, anafagia. Anafagia kuzunguka hema langu lote, mistari imenyooka kama uwanja wa nyumba. Nikamwambia mama hapa ni msituni, hakufagiwi. Akasema watu wamelala hapa.

@NusuMaili kufagia kunaruhusiwa?

---

NusuMaili

Ruksa. Mwambie shikamoo yangu.